Aliyetujua kwa Migongo

Uso wangu hakuujua hata siku moja. Miaka yote tuliyojuana, ukikutana naye ana kwa ana pale Changamwe atakutazama kama mtu atazamaye ukuta, apite zake. Ukishampita ndipo usikie nyuma yako, "Bega! Hilo bega laanguka tena!" Basi, hiyo ndiyo salamu yake. Mimi jina langu kwake lilikuwa Bega, kwa kuwa bega langu la kulia lilikuwa limeshuka kwa magunia. Kaka yangu Athumani alikuwa Nguzo. Kulikuwa na mwingine akiitwa Ngamia, na mwingine ambaye jina alilopewa silitaji, maana wajukuu zake wako hai na wana heshima zao.

Sisi tulimwita Mtaalamu. Kazaliwa wapi, babake nani, hayo sikuuliza, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ninalojua ni kwamba alikwenda Ulaya akasoma, akarudi na kazi ambayo sisi hatukuwa na jina lake. Daktari si daktari, sindano hapigi. Mkandaji si mkandaji, maana kwetu wakandaji ni kina mama, hukanda wazazi na watoto wachanga, na hakuna aandikaye. Huyu alikanda, akanyoosha, akapima, kisha akaketi akaandika Kiingereza mpaka wino ukamwisha. Alikuwa na chumba chake katika hospitali moja upande ule wa Changamwe, nayo siitaji pia. Na watu wake walikuwa sisi, makuli wa bandarini. Akisema hajaona duniani mahali ambapo Mungu amekusanya migongo mibovu mingi kwa pamoja kama pale, na akisema hivyo kwa furaha, kama mvuvi aliyeonyeshwa mwamba wenye changu.

Mimi mtu wa chuoni tu. Nilisoma mpaka nikaweza msahafu, na shule ya kizungu niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha. Kwa hiyo nitakayosema juu ya elimu yake ni yale niliyoyaona kwa macho na niliyofanyiwa mwilini. Mengine wataandika wenyewe wenye elimu, wakitaka.

Kipimo chake kilikuwa hivi. Wavua shati, wasimama umempa kisogo. Achukua kalamu ya rangi ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha haitoki, akutie alama chini kwenye kiuno na nyingine juu yake. Kisha atoa mkanda wa fundi cherehani, apima kutoka alama hii hadi hii. "Inama." Wainama. Apima tena. Mgongo mzima ukiinama hurefuka, alama zaachana. Mgongo mgonjwa hugoma, alama zabaki pale pale. Ni hayo tu. Sisi tulidhani mchezo. Lakini akisema kwamba katika mkanda ule ataona maumivu ambayo mwenyewe bado huyajui, na wallahi alikuwa akiyaona.

Alama hakutaka zioshwe mpaka apime tena siku nyingine. Siku ya kwanza kaka yangu kurudi nyumbani nazo, mkewe alikuwa akimsugua mgongo uani, nikamsikia akipiga ukelele.

"Umechorwa na nani wewe?"

"Hospitali."

"Hospitali gani ichorayo watu kama khanga? Sema kweli, umekwenda kwa mganga. Wataka kuoa!"

"Mwanamke, ni kipimo cha mgongo!"

"Kwani huo mgongo wako washonewa kanzu?"

Majirani walicheka mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo kila kuli aliyetoka kwa Mtaalamu aliulizwa kanzu yake itakuwa tayari lini.

Sasa niseme kwa nini kaka yangu alikwenda kwake, maana ndiyo habari yenyewe, na mimi nimeizunguka kama mtu asiyetaka kuingia nyumba yenye maiti. Athumani alikuwa kuli ambaye makuli wenzake walisimama kumtazama. Gunia la sukari ukimtwika alikwenda nalo amenyooka, hakupinda kama sisi. Siku moja akiinuka na gunia alisikia kitu kikikatika kiunoni kama uzi. Hospitalini wakamlaza juu ya mbao, wakamwambia asijigeuze mpaka wamwambie. Ndiyo iliyokuwa dawa ya mgongo zama zile, mbao na subira. Akalala, akalala, misuli ikamwisha, akaanza kulia kwa siri.

Mtaalamu akapita wodini. Hakumtazama uso. Akasema, "Mgeuzeni nimwone." Akampapasa pingili za uti wa mgongo moja moja kama mtu ahesabuye tasbihi, kisha akasema, "Simama."

Kaka yangu akamwambia, "Daktari amesema nisisimame."

"Daktari hajui. Simama, tembea. Mgongo dawa yake ni kutembea."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake. Ukilia, tembea. Ukimtukana, tembea. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kidigo aliyemwambia, "Mwanangu, mimi naumwa, nawe waniambia nitembee. Na mwenye njaa wamwambia nini, afunge?" Mtaalamu hakucheka. Akamwambia, "Tembea, baba."

Aligombana na madaktari kwa ajili hiyo, hata akafikishwa kwa mkubwa wa hospitali. Lakini Athumani alisimama. Kwanza kwa kushika ukuta, kisha kwa kunishika mimi. Kisha akafundishwa kulala kifudifudi mkekani, anyanyue kifua kwa mikono, kiuno kikibaki chini, polepole, kama mjusi akiota jua. Mtaalamu alisimama juu yake akihesabu kwa sauti, na akikosea alimgombeza kama mtoto. Mimi nilikuwa nikimpeleka, kwa hiyo mazoezi yote nimeyajua kama alhamdu. Mpaka leo naweza kukufundisha.

Na akapona. Nasema alipona, sifichi, haki ni haki. Mtaalamu akawaendea watu wa bandarini akawasihi wampe kazi nyepesi kwanza, ya kushona magunia yaliyopasuka, kisha apande kidogo kidogo. Wakakubali. Kumbe mtu huyu aliyekuwa mkali kwa wagonjwa, mbele ya wakubwa alikuwa laini kama mkate wa sinia.

Akampiga picha kaka yangu, ya mgongo peke yake, bila kichwa, alama zake zikionekana. Baadaye akatuletea kurasa zilizopigwa chapa Ulaya, picha imo. Athumani alizishika akazigeuza huku na huku.

"Na uso wangu?"

"Uso hauna haja, Nguzo. Wanaosoma wataka mgongo."

"Na hapa chini pameandikwaje?"

"Kwamba mgonjwa huyu amerudi kazini, mzima."

Kaka yangu akafurahi. Kwa muda mrefu akatembea akiwaambia watu mgongo wake umekwenda Ulaya naye hata Nairobi hajafika.

Mtaalamu alikuwa na mambo yake. Alitufundisha kuketi kwa kunyooka, naye akiandika alijikunja juu ya meza kama herufi ya wau. Alitufundisha namna ya kuinua mzigo, magoti yapinde, kiuno kikae, lakini sikumwona akiinua kitu kizito kupita kikombe cha kahawa. Mkoba wake alibebewa. Ukimwambia, "Mtaalamu, na wewe mgongo wako?" atajibu, "Wangu hauna habari mpya." Na kahawa alikunywa chungu, akaambatanisha na halua, akalamba vidole, kisha akatuambia halua inanenepesha.

Na msikitini. Kila mtu siku ya Ijumaa hukimbilia safu ya mbele kwa thawabu. Yeye alikimbilia ya nyuma. Tukajua baadaye kwa nini. Watu wakirukuu, yeye huona viuno vyote vimepangwa mbele yake kama duka. Nani anakwenda chini sawasawa, nani aishia njiani, nani ashika goti moja kwa nguvu kuliko la pili. Imamu alipata habari, akamwita.

"Bwana, wewe wasali au watazama viuno vya watu?"

"Sheikh, nasali."

"Leo katika rakaa ya pili nani alisali kando ya dirisha?"

"Ngamia. Ameumia kushoto."

"Basi rudia sala yako, haikuswihi!"

Tulicheka, na Imamu alicheka. Laiti ningejua, nisingecheka.

Kwa sababu wakubwa wa bandarini walimwita awaeleze elimu yake. Walikuwa wamemwahidi kitu alichokitamani kuliko mke, ukumbi mkubwa wa mazoezi pale hospitalini, wenye ngazi za mbao na kamba, ambapo kila kuli aliyeumia angefundishwa mpaka arudi mzima. Akaenda amevaa suti. Akawaonyesha mkanda na alama. Akawaambia kwamba ukijua mapema mgongo gani umeanza kuharibika, utampa mtu kazi nyepesi na mazoezi, asivunjike. Na kwa kuwa walimtazama kwa heshima, akanogewa. Akawaambia yeye hata mkanda hauhitaji, humjua mtu msikitini kwa rukuu yake tu. Karani aliyekuwa akiwatilia chai ndiye aliyetusimulia, neno kwa neno.

Wakubwa walimpigia makofi. Elimu wakaigawanya vipande viwili, kile cha kumjua mgonjwa wakakichukua, na kile cha kumponya wakakiacha mezani pamoja na vikombe.

Asubuhi moja tukafika langoni bandarini kutafuta kibarua, tukamkuta nyapara ana mkanda wa fundi cherehani shingoni. Nyapara ndiye aliyekuwa akichagua nani aingie kazini na nani arudi. "Vua shati. Inama." Aliyegoma mgongo alirudishwa nyumbani, na kesho yake hakuitwa, na kesho kutwa hakuitwa. Kazi nyepesi ikafutwa. Kaka yangu akarudi kwenye magunia ya sukari, na maumivu yakarudi, nayo sasa yakawa siri. Watu wakajifunza kudanganya mkanda. Walijipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na pilipili manga, wakaja wameiva kama samaki, wakainama mara moja tu kwa nguvu zote mbele ya nyapara, kisha wakaingia ndani wakilia. Athumani alikuwa miongoni mwao.

Tulikwenda kwa Mtaalamu, mimi na yeye. Nikamwambia, "Kipimo chako kimekuwa panga."

Akasema, "Kipimo hakina dhambi."

"Waambie basi. Wewe wakusikia."

"Nikigombana nao leo, ukumbi haujengwi. Subirini. Ukumbi ukijengwa, nyote mtapona."

Kaka yangu akasema, "Na mpaka ujengwe?"

Mtaalamu akamtazama, tena uso, jambo ambalo hakulizoea. "Tembea," akasema.

Kisha nyapara akaanza kuja msikitini. Huyu bwana tulikuwa tukimwona Idi kwa Idi. Sasa kila Ijumaa yupo, amepiga kofia safi, na sisi wajinga tukamshukuru Mungu kwa kumwongoza. Tena ana adabu, hasukumani mbele, akaa safu ya nyuma kabisa, bega kwa bega na Mtaalamu. Zikapita Ijumaa kadhaa ndipo tukaona kwamba waliosali wameketi kwa maumivu, Jumamosi hawaitwi.

Imamu akahutubu. Akasema mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala, dini ni nyepesi. Watu wote wakasema kweli, na hakuna aliyeketi. Msikiti mzima tukawa wazima. Ukitutazama ungesema ni askari. Mungu alikuwa mbele yetu na nyapara nyuma, na wallahi tulikuwa tukimrukuia wa nyuma.

Ijumaa ninayoisema, Athumani alikuwa kulia kwangu. Tangu nyumbani alikuwa hawezi kufunga viatu, mimi nilimfungia. Nikamwambia njiani, "Kaka, leo keti." Akaniambia, "Nikiketi, watoto watakula rukuu zako?" Tukasimama. Takbiri. Akarukuu akanyooka kama meza, nikasikia pumzi yake ikitoka kwa vipande. Katika sijida jasho lake lilidondoka mkekani, nikaliona. Akainuka. Mara ya pili akainuka. Sijui kwa nini mpaka leo watu wasema ujasiri ni wa vitani.

Tukatoka kwenye viatu. Mtaalamu akaja nyuma yetu, akaweka kiganja chake pale chini kiunoni mwa kaka yangu, akakiacha kidogo. Alikuwa ameona. Jicho lile lisingekosa kuona. Nyapara alikuwa hapo hapo anatia viatu.

"Nguzo," Mtaalamu akasema polepole, "njoo kwangu Jumatatu."

Jumatatu! Kesho yake Jumamosi kuna meli. Neno moja tu lingetosha, aseme mbele ya yule mtu, "Huyu mgonjwa, asibebe, mimi nasema." Madaktari wazungu alikuwa amewapinga kwa sauti kubwa wodi nzima ikisikia. Mbele ya nyapara wa mkanda shingoni akasema Jumatatu.

Jumamosi kaka yangu akaitwa, maana rukuu yake ilikuwa nzuri. Akatwikwa. Akapiga hatua akaanguka na gunia juu yake, na miguu ikafa pale pale.

Mtaalamu alikuja wodini akamchoma nyayo kwa pini. Athumani alikuwa akitazama dari. Akachoma tena juu zaidi, na juu zaidi. Kisha akaiweka pini mfukoni, akatoka. Safari hii hakusema atembee.

Ukumbi ulijengwa. Nilikwenda siku ya kufunguliwa, nikasimama nje ya uzio. Kulikuwa na maua na soda, na Mtaalamu akatoa hotuba ya Kiingereza. Makuli hawakuingia, walikuwa wamekwisha kumwogopa. Aliyeonekana kwenda kwake, langoni haitwi. Alikaa mle ndani na ngazi zake na kamba zake akiwangoja, na wakija walikuwa makarani wenye shingo ngumu na bibi mmoja wa kizungu. Bendera ya uhuru ilipokaribia, wazungu waliompigia makofi wakafunga masanduku. Waliokuja baada yao hawakumjua, na ukumbi wakautia vitanda vibovu.

Sisi tulikuwa tumekwisha kutolewa katika nyumba za makuli Changamwe, tukahamia Bofu, upande wa Likoni, nyumbani kwa mama yetu. Mkewe Athumani alikaa naye. Hilo nalo niliandike, maana wengi wangekwenda.

Juma lile la uhuru, Likoni nzima imepambwa vibendera vya karatasi, nilishuka kwenye feri nikaona mbele yangu mgongo. Umeegemea kushoto, mkono umeshika kiuno, hatua moja ndefu na moja fupi. Nikasema moyoni, huyu pingili zake za chini zimekwisha. Nikampita nimtazame, ni yeye. Akanitazama kama ukuta. Nikaendelea zangu.

"Bega!" nikasikia nyuma.

Nikasimama. "Shikamoo, Mtaalamu."

"Marahaba. Limeshuka zaidi. Nguzo yuko wapi?"

"Pale alipomwacha yule nyapara uliyesali naye."

Akasema, "Nipeleke."

Tulitembea mpaka Bofu, naye akisimama kila mara kujifanya atazama vibendera. Kaka yangu alikuwa kitandani, amegeukia ukutani, kitanda chetu cha kamba, kifupi. Mgongo wake ulikuwa nje. Mtaalamu aliuona akashika mlango.

"Nani?" kaka yangu akauliza.

"Mimi, Nguzo."

"Ah. Umekuja kunipima?"

"La. Kukuona."

"Huoni usipopima. Pima. Kisha uwaandikie kule kwenye picha. Waambie yule mzima hakuwa mzima."

Mkono wa Mtaalamu ulikwenda mfukoni, nikaona ncha ya mkanda, kisha ukarudi. "Zile karatasi zilishakwenda, Nguzo. Watu wamesomea. Hazirudishiki."

"Kwa hiyo mimi huko natembea."

Mtaalamu akauegemea mlango, akihema.

"Mbona pumzi yako yakatika?" kaka yangu akasema. "Keti, Mtaalamu. Keti tu. Hapa hakuna nyapara."

Kulikuwa na kigoda. Mtaalamu akajaribu kukishukia, akafika nusu, akashindwa, akainuka kwa kushika ukuta. Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni na kahawa, akarudi nayo jikoni. Hakuna aliyemcheka. Akasema, "Niwieni radhi," akatoka.

Kaka yangu akasikiliza hatua zake kwenye ukumbi wa nyumba, moja ndefu moja fupi.

"Yule yuwaumwa sana," akasema. "Wasikia mguu wa kushoto?"

"Nasikia."

"Lile zoezi la mkekani lingemfaa. La mjusi. Wewe walijua. Mwite umlaze hapa."

Nikatoka mpaka barazani. Alikuwa hajafika mbali, angenisikia hata kwa sauti ndogo. Alikuwa akienda na mkono kiunoni, chini ya vibendera, naye hakugeuka.

"Umemwita?" kaka yangu akasema kutoka ndani.

"Mwache atembee," nikasema. "Ndiyo dawa."